Mwalimu wa Mishale na Oya ya Tatu

Mama yangu alimpelekea Mwalimu uji wiki mbili mfululizo bila sababu ya maana. Siku alipokuja kupanga chumba chetu cha uani, pale Kitahana, mama alimuuliza kwao ni wapi na wazazi wanaendeleaje. Yeye, chaki mfukoni na akili iko kwingine kabisa, akajibu: "Mama, mzizi hauna mzazi." Mama akaelewa kwamba ni yatima, machozi yakamlengalenga, na kesho yake asubuhi bakuli la uji likawa mlangoni. Kumbe wazazi wake wote wawili walikuwa wazima na walimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa tu anafikiria mchoro aliouacha ubaoni.

Kwa hiyo msiniulize alizaliwa wapi. Alikuwa mtumishi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, kama walivyoletwa daktari wetu na afisa kilimo. Alifundisha hisabati na kompyuta katika sekondari niliyosoma, na sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu wa Mishale. Jina hilo alilijua, na sidhani kama lilimkera.

Kompyuta zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zimekufa na ya nne ilikuwa bado inafikiria. Mwalimu hakusumbuka. Alisema ili kuelewa jinsi kompyuta inavyosoma, kompyuta yenyewe haihitajiki, kinachohitajika ni ubao. Sisi binadamu, alisema, tukiona mstari wa maandishi tunaumeza mzima. Mashine haiwezi. Inapokea alama moja, kisha nyingine, na kila inapopokea lazima iamue hii inakaa na nani na kitakachofuata ni nini. Ndiyo maana watu walibuni kanuni. Kushoto unaandika jina la kitu, unaweka mshale, na kulia unaandika vile vinavyokitengeneza. Akageuka, akaandika:

Chai → maji majani Sukari
Sukari → kijiko | kijiko Sukari

Kile kijiti kilichosimama, akasema, kisomeni "ama". Sukari ni kijiko kimoja, ama ni kijiko kikifuatiwa na sukari, ambayo nayo ni kijiko, ama ni kijiko kikifuatiwa na sukari.

"Mwalimu, sasa itaisha lini?" akauliza msichana aliyekaa mbele yangu.

"Kanuni haisemi lini. Inaisha pale mpikaji anapoamua imetosha."

"Nyumbani kwetu itaisha kopo."

"Kanuni haina kopo," akasema Mwalimu, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi.

Wiki iliyofuata akaongeza kijiti kingine, na baada yake alama inayofanana na tatu iliyogeuziwa uso upande wa pili. Aliiita tupu. Maana yake, sukari inaweza pia kuwa si kitu. Mahali pake papo, ila hakuna kilichowekwa. Aliipenda alama hiyo kuliko zote. Alisema wajinga wanadhani ni kosa, kumbe kutokuweka kitu ni jibu kamili, tena wakati mwingine ndilo jibu pekee linalofaa. Mwenyewe alikunywa chai bila sukari, na mama alipomuuliza kama amsogezee kopo, alisema, "Sukari ipo, mama. Ila ni tupu." Mama akachungulia kikombe, akachungulia kopo, akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Kitu kingine kilichomshughulisha maishani ni mabano. Kila bano linalofunguliwa lazima lifungwe, na la mwisho kufunguliwa ndilo la kwanza kufungwa. Shida ni kwamba aliongea hivyohivyo. Alimwanzia mama habari ya mihogo, katikati akafungua habari ya barabara, ndani yake akafungua habari ya dereva mmoja, kisha kengele ya shule ikalia. Wengine tungesahau. Yeye hakusahau. Mama aliwahi kukutana naye kisimani siku tatu baada ya maongezi yao, na kabla hata hawajasalimiana Mwalimu akasema, "Yule dereva alipona. Ndipo barabara ikachongwa. Na ndiyo maana mihogo ile sikuila. Nafunga mabano." Akachota maji, akaondoka. Pale Kitahana mpaka leo mtu akitaka kuaga anasema nafunga mabano, hata wasiojua yalitokea wapi.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ni nadhifu. Thubutu. Vifungo vya shati lake vilipishana na matundu yake kwa hatua moja, mwaka mzima, hivyo upande mmoja wa kola ulimfika sikioni. Chumba chake kilikuwa na rundo la daftari ambalo mama alifagia kulizunguka. Nilimwambia mara moja, kwa adabu, kuhusu vifungo. Akajitazama kifuani, akasema kosa liko kwenye kifungo cha kwanza kabisa na sasa ni mbali sana kurudi.

Siku ya wazazi shuleni alichora mti wake ubaoni, wa kuonyesha jinsi mstari unavyogawanyika vipande. Mzizi uliandikwa juu na majani yakaning'inia chini. Mzee mmoja mkulima wa kahawa alisimama kwa heshima zote, akapiga makofi ya polepole kama tunavyosalimu wakubwa kwetu, akasema, "Mwalimu, twashukuru. Ila huo mti mmeupanda kichwa chini. Utakunywa nini?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mwalimu akajibu kwa unyenyekevu kwamba unakunywa kutoka kwa anayeusoma. Mzee akakaa chini, hajaridhika hata kidogo.

Adui yake mkubwa alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu wa pwani, mpole wa sauti na mkali wa ulimi. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: mishale ni ya nani. Yule wa Kiswahili naye alichambua sentensi kwa mishale na vikundi vyake, na alidai kwamba mwenzake amekwapua mali ya idara. Mwalimu wetu alidai kwamba idara ndiyo iliyoazima bila kuaga. Walibishana ofisini, njiani na kwenye mazishi. Wasipobishana walikula pamoja, maana wote walikuwa wageni na hakuna mwingine aliyeweza kuwavumilia.

Sasa shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na meza ya vitenge soko la Kibondo. Vitenge alivirundika kimoja juu ya kingine mpaka vikamfika kidevuni. Mwalimu alikwenda kununua kitambaa cha mezani, akamkuta mteja anataka kile chenye ndege wa kijani, ambacho kilikuwa katikati kabisa ya rundo. Hapa Mwalimu alisimama kutazama, kwa sababu alikuwa ametufundisha wiki hiyohiyo kwamba kwenye rundo unatoa cha juu kwanza, kisha kinachofuata, na hakuna njia nyingine. Shangazi akaweka kiganja kimoja juu ya rundo, kwa mkono wa pili akashika ncha ya kitenge chenye ndege, akakichomoa. Rundo halikutikisika.

Mwalimu akaomba akirudishe akichomoe tena.

"Mwalimu, unanunua ama unashangaa?" akauliza shangazi.

"Kwa nadharia hilo haliwezekani."

"Basi nenda kanunue kwa nadharia. Hapa watu wana haraka."

Alirudi nyumbani na vitenge vinne ambavyo hakuvihitaji. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Mwaka ukaisha hivyo, chumba cha uani kikawa na vitenge vingi kuliko daftari, na mama, ambaye mwanzoni alicheka, akaanza kumpigia shangazi simu kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa amekataa wanaume wawili na wengine wawili walikuwa wameukimbia ulimi wake. Kuhusu huyu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Anajua kusikiliza. Hata nikimtukana anaandika."

Babu alikaa Rungwe Mpya, na bado yuko huko. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akafungua shamba, akajenga, na cheti chake cha uraia amekitundika sebuleni karibu na picha ya ndoa ya kanisani. Binti zake wengine watano wote waliposwa kwenye sebule hiyo kwa utaratibu wetu. Wageni wanakuja na msemaji wao. Hawasemi walichokuja kutafuta. Wanazungumzia mvua, mihogo na safari. Wanaleta urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na soda kwa waliookoka. Msemaji akilikaribia jambo, mwenye nyumba anasema oya, yaani hapana. Humu hakuna binti, mmepotea njia. Msemaji anatafuta maneno mazuri zaidi, mwenye nyumba anakataa tena, wote wanafurahi, na mwishoni binti anaitwa, anatoka.

Mwalimu hakutaka kuharibu. Alihudhuria posa tatu za watu wengine akiwa na daftari. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shule na kufungua stationari yangu ndogo Kibondo, basi akaniletea karatasi niichape na kuiwekea plastiki, ili isilowe mfukoni. Niliisoma wakati naichapa:

Posa → Salamu Kinywaji Jambo Kukataa Kukubali
Kukataa → oya oya

Nikasita. Mtu aliyetufundisha sukari isiyo na mwisho alikuwa ameandika oya mbili tu, basi. Posa zote tatu alizohudhuria zilikuwa na mbili, akaona inatosha. Nilijua kasoro iko wapi. Nikanyamaza, maana mwanafunzi gani anamsahihisha mwalimu wake kwenye posa yake? Nikaiwekea plastiki vizuri sana. Ukimya huo umenikera kuliko kosa lolote nililowahi kufanya kwa mdomo.

Siku ikafika. Msemaji wake alikuwa nani kama si yule adui yake wa Kiswahili. Mimi nilikuwa chumba cha ndani pamoja na shangazi, amesukwa nywele vizuri, mkali wa Kibondo mikono magotini. Sebuleni yule mtu wa pwani alikuwa anamwaga maneno mpaka babu akawa anaguna kwa raha. Alisema wamekuja kutafuta kivuli. Babu akasema oya, hapa jua tupu. Alisema basi wamekuja kuomba moto wa kuwashia. Babu akasema oya, jiko limezimika. Nilisikia plastiki ikichakarika mfukoni mwa mtu. Msemaji akasema hata majivu yanatosha, watayapuliza.

"Oya," akasema babu. "Na majivu tumemwaga."

Shangazi akanishika mkono. "Baba sasa anafurahia," akaninong'oneza.

Halafu tukasikia kiti kikisogezwa. Sauti ya Mwalimu, nzito kidogo, ikasema, "Nimeelewa, Mzee. Samahani kwa usumbufu." Tukasikia msemaji akimwambia kaa wewe, kaa chini. Tukasikia mlango.

"Anaenda wapi?" akauliza shangazi.

Mimi nikaanza kulia. Yeye hakulia kabisa, jambo lililoniumiza zaidi. Alifumua nywele siku hiyohiyo.

Kwetu mgeni wa posa akiinuka kabla ya kuinuliwa, aliyekataa ni yeye. Na aliyekataa hafuatwi, kwa kuwa kumfuata ni kumtembeza binti kama bidhaa. Babu alikaa na ule mtungi wa urwarwa, hajui amekosea wapi. Mwalimu naye aliamini amekataliwa na mzee wa watu kwa kuwa ni mtu wa kuja. Aliomba uhamisho, akaenda Kakonko. Msemaji wake akastaafu, akarudi pwani. Mama akakitia kufuli chumba cha uani na kusema hatapangisha tena kwa watu wenye akili.

Miaka sita ikapita hivyo. Shangazi aliuza vitenge. Wateja walisema amekuwa mpole, na mimi sikuupenda upole ule.

Mwezi uliopita mashine yangu ya fotokopi iligoma, nikaipeleka kwa fundi Kakonko. Nilipokuwa nasubiri, nikapita karibu na shule moja, nikasikia dirishani: "Ama ni kijiko kikifuatiwa na sukari." Nikasimama hapohapo mpaka kipindi kikaisha. Shati lilikuwa lilelile, au ndugu yake, na kola bado iko sikioni. Nywele tu ndizo zilikuwa zimeingia mvi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Stationari ipo?"

"Ipo."

Akaniuliza habari za mama. Akafungua habari ya mvua, ndani yake akafungua habari ya fundi wa fotokopi, na humo ndani kabisa, akitazama ubao, akauliza, "Na vitenge?"

"Vipo. Na mwenye navyo yupo. Hajaolewa, kama ndicho unachouliza."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta ubao ambao tayari ulikuwa umefutwa. Nikaona kama sitasema leo sitasema tena.

"Mwalimu, wakwe wengine wote babu aliwapa oya mbili mbili. Wewe alikuongezea ya tatu kwa sababu alikupenda. Anasema maongezi yalikuwa matamu, hakutaka yaishe. Na mimi niliiona ile karatasi nikanyamaza. Nisamehe."

Akachukua chaki. Aliandika ubaoni, polepole: Kukataa → oya | oya Kukataa. Akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani.

"Hii nimeifundisha miaka yote," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa sukari."

"Ndiyo."

"Niliogopa, binti. Nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi. Ningeandika mia moja bado ningeinuka kwenye ya tatu."

Tukakubaliana aje kwa babu Jumamosi. Shangazi sikumwambia kitu. Nilimwambia tu aje Rungwe Mpya, maharage ya babu yamekauka na mikono haitoshi.

Mwalimu alifika saa nne asubuhi, peke yake, hana msemaji wala karatasi. Babu alikuwa kibarazani anapukuchua maharage, miguu ameinyoosha juu ya turubai. Ana miaka mingi sasa na macho yamepungua, lakini alimtambua kutokana na kola. Mwalimu akapiga makofi ya polepole, akasalimia ipasavyo, akaketi chini kwenye turubai.

"Oya," akasema babu, kabla hajaulizwa chochote.

Mwalimu akanyamaza. Akachukua ganda la haragwe, akalipasua, akatia punje kwenye ungo.

"Binti hayupo."

Mwalimu akapasua ganda lingine. Ndani shangazi alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mimi nyuma yake, na nilikuwa naona bega lake likipanda na kushuka. Nilielewa anachofanya yule mtu. Kila oya alikuwa anaijibu kwa ile alama yake inayofanana na tatu iliyogeuka, ile tupu.

"Na alikuwepo, akaondoka."

Punje zikaanguka kwenye ungo.

"Na wewe uliinuka kwenye kiti changu. Kiti kizuri kile. Nilikaa peke yangu na mtungi." Babu akakung'uta maganda mapajani. "Oya. Oya, Mwalimu. Oya."

Kwenye ile ya mwisho nilihofia Mwalimu atainuka. Hakuinuka. Alisogea kidogo tu, akavuta rundo la babu la maharage upande wake, kwa kuwa la kwake lilikuwa limeisha. Babu akafungua kinywa tena, na nadhani alikuwa na nyingine kumi tayari, kwa jinsi alivyokuwa amejiweka sawa.

Binti hatoki mpaka aitwe. Hiyo ni kanuni ya kwetu na haijawahi kuvunjwa kwenye nyumba ile, kwa mabinti wote watano waliotangulia. Shangazi akanisogeza pembeni, akachukua birika, kikombe na kopo la sukari, akatoka.

Mwalimu akamtazama kama siku ile ya kitenge chenye ndege.

"Hiyo sikuiandika," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

"Usiandike," akasema shangazi.

Akapiga magoti, akamimina chai, akafungua kopo. Alijua vizuri kwamba hatumii sukari, Kitahana nzima inajua. Akatia kijiko kimoja, akamtazama. Mwalimu hakusema inatosha. Akatia cha pili, akamtazama tena. Cha tatu, cha nne. Macho ya Mwalimu yalikuwa yamejaa maji na bado hakusema, na cha tano kikaingia, na chai ikaanza kumwagika kwenye turubai.

"Oya," akasema babu, na safari hii alimaanisha, maana sukari ilikuwa yake. Hakuna aliyemsikiliza.